Uraia wa Mchezaji na Uraia wa Mkwe

Mwishoni mwa Januari 2025 nilikuwa nimekaa uani nikipara sato niliowanunua Mwaloni, mara kijana wangu wa darasa la sita akaja mbio kutoka kwa jirani. "Mama, eti wachezaji watatu wa Singida wamekuwa Watanzania!" Nikamjibu kuwa ni habari njema kwao. Hakuridhika. "Sasa mbona baba mdogo hajawa?"

Baba mdogo ni mume wa mdogo wangu. Alizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kenya, na zaidi ya miaka kumi sasa anatengeneza injini za mitumbwi hapa Mwanza. Watoto wake wote wamezaliwa hapa. Kibali chake cha kuishi kikikaribia kwisha, nyumba nzima hupungukiwa usingizi.

Nilinawa mikono nikaitafuta habari yenyewe. Idara ya Uhamiaji ilikuwa imetangaza kwamba Emmanuel Keyekeh wa Ghana, Josephat Bada wa Côte d'Ivoire na Mohamed Damaro Camara wa Guinea, wote wa Singida Black Stars, wamepewa uraia. Watu walinung'unika, na si bila sababu. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 humtaka mwombaji awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia awe ameishi jumla ya miaka 7. Kweli, waziri ana mamlaka ya kulegeza masharti. Lakini je, kwa ajili ya mpira?

Kwa klabu faida iko wazi. Msimu ule timu ya Ligi Kuu iliruhusiwa kusajili wageni 12, na mgeni akigeuka raia nafasi yake hubaki kwa mwingine. Jezi ya Taifa Stars ni jambo jingine. Mtu aliyehamia ukubwani, asiye na mzazi, babu wala bibi aliyezaliwa katika nchi hiyo, FIFA humtaka aishi humo miaka 5 kwanza.

Hao siwafananishi na Kibu Denis. Yeye ni mtoto wa wakimbizi kutoka Kongo, akakulia kwetu. Mwaka 2021, akiwa Mbeya City, aliitwa timu ya taifa, ndipo likazuka swali la uraia wake. Alipewa mwaka huohuo, na Januari 2024 alikuwa na Stars kule Côte d'Ivoire kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Sikumbuki kusikia mama yeyote wa mtaani kwetu akilalamika.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo penye uzito kwetu akina mama. Sheria ile humpa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania haki ya kupata uraia kwa njia ya ndoa. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa binti yetu hana haki hiyo. Hupita mlango uleule wa wageni wote. Kuzaa, kulea na kuzeeka na mkewe hapa Mwanza hakumsogezi mbele hata hatua moja. Hili linaniuma kuliko habari za Singida.

Miaka ya shemeji yangu inatosha, anaweza kuomba. Kinachomzuia ni kwamba Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Akipewa wa hapa, lazima aukane wa Kenya. Mama yake yu hai, mzee sana, kule Kisumu. "Nitamwambiaje mama?" aliniuliza siku moja, akifuta grisi mikononi. Sikuwa na jibu, nikamwongezea chai.

Binti yake mkubwa ana miaka 14 na hucheza mpira shuleni, mguu wa kushoto. Kwa baba yake ni Mkenya, kwa mama yake ni Mtanzania, na akifikisha miaka 18 sheria yetu itamtaka achague. Kijana wangu alimwuliza jioni ile angechezea nchi gani.

"Ile itakayoninunulia viatu," akasema, akaendelea kula ugali wake.