Taa za ziada za pikipiki: Zikumulikie bila kumpofusha mwenzako

JUA likishatua, barabara zetu za mijini hugeuka uwanja wa mashindano ya taa. Pikipiki moja huja na taa iliyofifia kama kibatari. Nyingine huja na taa nne nyeupe zinazomlazimu kila anayekutana nayo afumbe macho. Yote mawili ni hatari.

Serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, chombo hiki kilizidi kuenea na kikawa tegemeo la jamaa nyingi. Lakini pikipiki nyingi za aina hiyo huwa na taa moja tu ya mbele, ya wati 35, ilhali gari la kawaida lenye taa za kizamani humulika kwa wati 55 kila upande. Si ajabu basi kuwaona wenye pikipiki wakimiminika katika maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, kutafuta taa za kuongezea.

Je, mtu azifunge vipi ili zimfae badala ya kumletea balaa?

Anza na hesabu

Umeme wa pikipiki hutoka kwenye koili iliyo ndani ya injini, nayo ina kipimo chake. Chukua wati za taa unazotaka, gawanya kwa volti 12, nawe utapata ampia zitakazotumika. Taa mbili za LED za wati 15 kila moja hula ampia 2.5. Taa mbili za kizamani za wati 55 hula zaidi ya ampia 9. Betri ndogo ya ampia 5 kwa saa, isipopata chaji ya kutosha, itaishiwa nguvu kwa muda wa nusu saa hivi. Ndiyo maana LED huifaa zaidi pikipiki ndogo.

Waya, fyuzi na rilei

Usikubali fundi aunganishe taa mpya kwenye waya wa taa ya kiwandani. Waya huo na swichi yake vilikusudiwa kubeba mzigo wa taa moja. Ukizidishwa, hupata moto, plastiki ikayeyuka, na hapo pana tangi la petroli karibu.

Njia salama ni kuvuta waya mpya kutoka kwenye betri, kuweka fyuzi karibu na betri hiyo, kisha kutumia rilei. Hiki ni kifaa kidogo kinachoiruhusu swichi yenye umeme mdogo kuamrisha umeme mkubwa. Rilei hiyo iwashwe kwa umeme unaokatika ufunguo unapozimwa, la sivyo utaikuta betri imekufa asubuhi. Kwa taa za ampia 2.5, fyuzi ya ampia 5 yatosha. Rahisi ni ghali: waya mwembamba wa bei ya chini ndio huharibika kwanza.

Kabla ya kufunga nyaya, geuza usukani hadi mwisho, kushoto na kulia, uone kama kuna unaovutwa au kubanwa.

Zielekee wapi?

Mahali pazuri ni kwenye vyuma vya kukinga injini, chini ya taa kubwa. Kwenye ukungu, kama ule wa Kinale na Limuru, taa ya chini yenye mwanga mpana humulika lami, lakini taa kali ya juu hurudisha weupe machoni pako mwenyewe.

Simamisha pikipiki mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani. Weka alama ukutani kwa kimo cha taa hizo. Ukingo wa juu wa mwanga uwe chini ya alama kwa sentimita 10 au zaidi. Jambo moja husahauliwa na wengi: mpime abiria akiwa ameketi. Abiria akipanda, nyuma hudidimia na taa za mbele huinuka. Taa iliyopimwa bila mzigo huishia kwenye macho ya watu.

Mkuki kwa nguruwe

Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu uchungu. Mwendeshaji huufurahia mwanga wake, lakini fikiria dereva wa lori anayemjia kwa kilomita 60 kwa saa. Lori hilo hupita karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akipofushwa kwa sekunde tatu, amekwenda mita 50 bila kuona, na aliye mbele yake ni yuyo huyo mwenye taa na abiria wake.

Kwa hivyo, taa za ziada ziwe na swichi yake, na zizimwe gari linapokaribia. Zile za kumetameta za buluu na nyekundu ziachiwe polisi na magari ya dharura. Nawe abiria usione haya kumwambia mwendeshaji, "Ndugu, zima hizo, kuna gari linakuja."

Mwisho, kuonekana ni nusu ya usalama. Kabla ya kununua chochote, safisha kioo cha taa ya kiwandani, hakikisha taa ya nyuma inawaka, na uvae helmeti na jaketi yenye kung'aa kama sheria ya trafiki inavyotaka.