Kupima Uelewa wa Dhana za Takwimu: Mifano ya Thika na Ruiru

Mwanafunzi wa Kiswahili aghalabu hukutana na takwimu akiwa tayari na hojaji mkononi. Amerejea kutoka nyanjani Thika au Ruiru, ana majibu ya watu mia moja, na msimamizi wake anamtaka aeleze maana ya data hizo. Wengi wetu tunaweza kukokotoa wastani. Tulifunzwa hayo katika shule ya upili. Makala haya yanahoji iwapo ukokotoaji huo ni ithibati ya uelewa, na yanaeleza jinsi uelewa wenyewe unavyoweza kupimwa.

Tuchukulie kwamba katika mtaa mmoja wa Ruiru kuna nyumba kumi za kupanga. Tisa hulipiwa shilingi 10,000 kwa mwezi na moja shilingi 110,000. Mtahini wa kawaida atasema: "Tafuta wastani." Mtahiniwa atajumlisha, agawanye kwa kumi, apate 20,000 na kutuzwa alama zote. Mtahini anayepima dhana atampa hiyo 20,000 bure, kisha amuulize: je, mgeni anayetafuta nyumba mtaani humo atarajie kulipa kiasi hicho? Hapa kanuni haimwokoi. Hakuna nyumba hata moja yenye kodi ya 20,000. Aliyeelewa atatambua kwamba nyumba moja imeuvuta wastani juu, na kwamba mediani, yaani thamani ya katikati baada ya kodi zote kupangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, ni 10,000 na inamfaa mgeni zaidi.

Kosa hili lina mzizi wa kilugha, na ndipo linapotuhusu. Katika mazungumzo, mtu wa kimo cha wastani ni mtu wa kadiri, si mrefu wala si mfupi. Katika takwimu, neno hilohilo ni tokeo la kujumlisha na kugawanya, hata kama tokeo hilo halimfanani yeyote. Mwanafunzi huingia darasani na maana ya kwanza, mwalimu akadhani anayo ya pili. Hali kadhalika neno "nasibu": kwa msikilizaji wa kawaida, kuteua kwa nasibu ni kuokota ovyo; kwa mtakwimu ni utaratibu mkali unaompa kila mmoja nafasi inayojulikana ya kuteuliwa. Kwa maoni yangu, sisi wa Kiswahili tumewaachia wanahisabati suala hili kwa muda mrefu mno.

Tazama swali la pili. Watafiti wawili wanataka kujua lugha zinazozungumzwa nyumbani mjini Ruiru, mji uliokuwa na watu 490,120 katika sensa ya mwaka 2019. Wa kwanza anasimama katika kituo cha matatu alfajiri na kuwahoji wasafiri 1,000. Wa pili anateua watu 100 kwa nasibu kutoka orodha ya wakazi wote. Ni sampuli ipi ya kuaminika zaidi? Aliyekariri kwamba sampuli kubwa ni bora atamchagua wa kwanza. Lakini pale kituoni hayupo ajuza aliyebaki nyumbani, wala mlinzi aliyetoka zamu ya usiku na kulala, wala mwenye duka asiyesafiri. Kuongeza wasafiri wengine elfu hakutawaleta hao.

Ugumu wa kutunga maswali ya namna hii umo katika majibu yasiyo sahihi. Kila moja linapaswa kubeba fikra potovu ambayo wanafunzi wanayo kwa kweli, hivyo ni busara kuanza kwa maswali ya kujieleza na kuyachuma makosa kutoka maandishi yao. Nchini Marekani, Robert delMas, Joan Garfield na wenzao walitunga mtihani wa aina hii wenye maswali 40. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2007, wanafunzi 763 waliufanya mwanzoni na mwishoni mwa kozi yao ya kwanza ya takwimu. Alama zao zilipanda kutoka takriban asilimia 45 hadi 54 tu. Muhula mzima!

Swali linalonipendeza kuliko yote lilitungwa na Daniel Kahneman na Amos Tversky katika miaka ya 1970. Nalihamishia kwetu. Hospitali kubwa Thika huzalisha watoto 45 kwa siku, na ndogo Ruiru watoto 15. Kwa mwaka mzima, ni ipi itakayokuwa na siku nyingi zaidi ambapo wavulana wanazidi asilimia 60? Zaidi ya nusu ya waliohojiwa na wataalamu hao walijibu kwamba hospitali hizo mbili zitakuwa sawa. Jibu ni ile ndogo. Asiyeamini na afikirie zahanati yenye watoto watatu kwa siku: wote kuwa wavulana hutokea takriban mara moja katika kila siku nane. Wote 45 kuwa wavulana hakuna mkunga atakayeishi kuona.