Mteja akitaka kompyuta ya gemu za ndege na VR, usikimbilie kumtajia bei

Leo tuongelee mteja mmoja anayeingia inboksi na wengi wetu tunamuuzia vibaya. Ni yule anayesema, "Boss, nataka mashine ya kurushia ndege, Flight Simulator, na ikiwezekana na VR yake kabisa." Sisi tukisikia gemu tunafikiria mpira na magari. Tunamtumia picha ya mashine yenye taa za rangi, tunakubaliana bei, mzigo unapanda basi. Wiki haijaisha simu inalia.

Mimi yalinikuta. Mteja wangu alikuwa Mwanza, mtu mzima, mstaarabu, hana maneno mengi. Nilikuwa na mashine kubwa ya mtumba, prosesa ya seva yenye kore 14, RAM GB 64. Nikajisemea moyoni kore 14 hizi, hii si itarusha hata roketi? Nikampa kwa kujiamini. Siku ya tatu akanitumia video: ndege inakaribia kutua, picha inaganda, inaruka, inaganda tena. Akaandika tu, "Kaka, hii ndiyo uliyosema inaruka?" Nilirudisha hela yake yote na nauli ya mzigo kwenda na kurudi nikalipa mimi. Ile mashine haikuwa mbovu. Niliiuza tena kwa kijana anayehariri video za harusi na hadi leo ananishukuru. Kosa lilikuwa langu, niliiuza kwa kazi isiyo yake.

Kwa nini ilishindwa? Gemu za ndege zina kazi nyingi inayopita kwenye kore moja. Hesabu za jinsi ndege inavyoruka, mitambo ya ndani ya ndege, ndege nyingine angani, vyote vinasubiri foleni ileile. Chukulia jiko la hoteli lenye wapishi 14 lakini chakula chote lazima kionjwe na mpishi mkuu mmoja kabla hakijatoka. Kama mpishi mkuu ni mzito, wale 13 watakaa wanapiga soga. Prosesa kama Xeon E5-2680 v4, ambazo zimejaa kwenye mashine za mtumba, zina kore 14 lakini mwendo wake wa kawaida ni GHz 2.4 na zikijitahidi sana zinafika 3.3. Ryzen 5 5600 ina kore 6 tu ila inafika GHz 4.4, na ni ya kizazi kipya zaidi. Kwa gemu za ndege hiyo ya kore 6 inamwacha mwenzake mbali.

Kuna na jambo la pili watu hawalijui: kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe, kachi. Gemu za ndege zinaipenda mno. Ndiyo maana wapenzi wa gemu hizi wanatafuta prosesa za AMD zenye jina linaloishia na X3D. Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022 ina kachi ya MB 96, wakati 5800X ya kawaida ina 32. Baadaye zikaja 7800X3D na 9800X3D. Hapa kuna biashara nzuri kwako: 5800X3D inakaa kwenye soketi ya AM4, ileile iliyobeba Ryzen za miaka mingi nyuma. Mteja mwenye mashine ya AM4 anaweza kubadilisha prosesa peke yake, mkishahakikisha ubao wake unaikubali na BIOS imesasishwa. Anatumia hela kidogo, wewe unapata mteja wa kudumu.

Sasa kabla ya bei, muulize anacheza gemu ipi. Wengi watakujibu "Flight Simulator" kama vile ipo moja. Zipo kadhaa, na mahitaji yake hayafanani.

Microsoft Flight Simulator 2024 ilitoka Novemba 2024. Wenyewe wanapendekeza RAM GB 32 na kadi ya grafiki yenye kumbukumbu ya GB 8, ya kiwango cha RTX 2080 au RX 5700 XT. Kiwango cha chini kabisa ni RAM GB 16 na kadi ya GB 4, lakini mteja ukimpa hicho usitegemee asifu. Kitu cha kumwambia mapema kabisa ni intaneti. Gemu hii inavuta ramani na sehemu kubwa ya vitu vyake mtandaoni wakati mtu anacheza, na kasi inayopendekezwa ni megabiti 50 kwa sekunde. Piga hesabu: kasi hiyo ikitumika yote saa nzima ni GB 22 na ushee. Haivuti hivyo muda wote, lakini mteja anayeishi kwa bando la simu atalia. Mimi siku hizi naandika kabisa, "Mkuu, una fiber nyumbani au unatumia bando?" Swali hilo moja limeniokoa mara nyingi.

Kama anatumia bando, mwelekeze X-Plane 12. Hiyo mandhari yake unapakua mara moja inakaa kwenye diski, mtu anaruka hata mtandao ukikatika. Inahitaji SSD yenye nafasi ya kutosha, basi. Tena ina toleo la majaribio la bure, kwa hiyo unaweza kuiweka kwenye mashine dukani na kumrekodia mteja video kabla hajalipa. Ya tatu ni DCS World, ya wapenzi wa ndege za kivita. Yenyewe unapakua bure, ndege nyingi ndani yake ndiyo unanunua moja moja.

Kwenye kadi ya grafiki mitego ni mingi, nitataja ile inayowaumiza wauzaji. Kwanza laptopu. Jina moja, kitu tofauti. RTX 4070 ya kompyuta ya mezani ina GB 12, ya laptopu ina GB 8. RTX 4090 ya mezani ina GB 24, ya laptopu 16. RTX 3060 ya laptopu ni GB 6. Ukiandika kwenye posti "RTX 4070" bila kusema ni ya laptopu, mteja anayejua mambo atakuita tapeli hadharani, na hutakuwa na la kujitetea.

Pili, kadi feki. Zipo kadi za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Windows yenyewe inadanganyika. Pakua programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z, kadi nyingi za NVIDIA za namna hiyo itazikamata na kuandika FAKE palepale juu. Na kuna RX 580 zilizoandikwa 2048SP: si feki, ila ni dhaifu kuliko RX 580 kamili yenye vikokotozi 2304. Ziuze kwa jina lake na kwa bei yake.

Tatu, zile kompyuta ndogo nyembamba za ofisini. Bei yake inavutia kuzigeuza za gemu, lakini kasha ni jembamba, kadi kubwa haiingii, na powasaplai yake ndogo haina hata waya wa kuilisha kadi. Kwa mteja wa ndege, achana nazo.

Haya, tuje kwenye VR, maana hapa ndipo hela kubwa inapopotea.

Anza na hesabu hii. Kioo cha kawaida cha Full HD kina nukta kama milioni 2. Meta Quest 3 ina nukta 2064 kwa 2208 kwa kila jicho, macho mawili ni zaidi ya milioni 9. Yaani kadi iliyokuwa ikichora kioo kimoja sasa inachora zaidi ya vinne, na bila kukwama, maana picha ikikwama VR-ni mtu anapata kichefuchefu kabisa, anatapika. Mashine inayocheza vizuri kwenye monita si lazima iweze VR. Kwa Flight Simulator kwenye VR mimi sishuki chini ya kadi ya GB 12, na bado namwambia mteja atapunguza ubora wa picha. Mwenye kadi ya GB 8 namshauri anunue monita nzuri kwanza, VR ije baadaye. Nimepoteza mauzo kadhaa kwa ushauri huo, sijutii.

Usimuuzie VR ya kuweka simu ndani, ile ya plastiki. Ni ya kutazamia video. Mteja anayesema "VR ya ndege" hataki hiyo, hata kama bei imemfurahisha.

Quest ndiyo rahisi kuuza. Quest 2 na Quest 3S zina nukta 1832 kwa 1920 kwa jicho. Tofauti na Quest 3 si nukta tu, ni lenzi. Lenzi za Quest 3 zinaonyesha vizuri hadi pembeni, na rubani anasoma vipimo kwa kuzungusha macho bila kugeuza kichwa kila mara. Kwa ndege tofauti hiyo inaonekana wazi. Zote tatu zinaungwa kwenye kompyuta kwa kebo ya USB-C au kwa Wi-Fi. Akitaka Wi-Fi, kompyuta iunganishwe na rauta kwa waya, na rauta iwe ya GHz 5, ikae chumba kilekile. Ukipokea Quest ya mtumba, hakikisha mwenye nayo ameitoa kwenye akaunti yake ya Meta na kuifuta kabisa mbele yako, kisha iwashe wewe kama mpya mpaka mwisho. Asiyeweza kufanya hivyo mbele yako, usinunue kwake.

Halafu kuna hii ya HP Reverb G2, soma vizuri. Ilitoka 2020, nukta 2160 kwa 2160 kwa jicho, ilipendwa sana na watu wa ndege, na sasa mtumba wake unaonekana rahisi mpaka unajiuliza kuna nini. Kuna kitu kweli. Ilikuwa inategemea Windows Mixed Reality, na Microsoft waliiondoa kwenye Windows 11 kuanzia toleo la 24H2. Mteja akiichomeka kwenye Windows mpya, haimtambui. Imetoka programu ya bure iitwayo Oasis inayoifufua kupitia SteamVR kwenye kadi za NVIDIA, lakini hiyo ni ya mteja anayejua kuhangaika na kompyuta. Ukiwa nayo stoo, iuze kwa kueleza hayo yote kwa maandishi. Usiagize mpya ya kuuza kwa mtu asiyejua.

Na angalia matundu. Rift S, PlayStation VR2 kupitia adapta yake ya kompyuta, na Pimax Crystal Light zinataka DisplayPort. HDMI haitasaidia. Laptopu nyingi hazina, na nyingine tundu la USB-C limeungwa kwenye grafiki ndogo ya prosesa badala ya kadi yenyewe. Omba picha ya matundu ya mashine ya mteja kabla hujatuma chochote.

Vya kushikia mkononi nitapita haraka. Joistiki ya Logitech Extreme 3D Pro ndiyo ya kuanzia. Thrustmaster T.16000M inadumu zaidi kwa sababu sensa zake ni za sumaku, hazisuguani, na inashikika kwa mkono wowote. Mtu wa ndege za abiria atataka usukani, mtu wa DCS atataka joistiki na throto. Jambo moja: aliyevaa VR haoni mikono yake. Kibodi haimfai. Ukimuuzia VR bila kifaa chenye vitufe vya kutosha umemwachia nusu ya kazi.

Kuna wateja wengine ni wanafunzi wa urubani. Hawa wauzie kwa heshima, gemu inawasaidia kuzoea mpangilio wa vyombo na hatua za ukaguzi. Lakini usiandike kwenye tangazo kwamba watapata saa za kuruka. Mamlaka za anga zinahesabu saa za kwenye mitambo ya mafunzo iliyoidhinishwa tu, kompyuta ya sebuleni haimo.

Kabla ya kutuma mzigo, washa gemu, rusha ndege juu ya jiji kubwa dakika kumi, rekodi. Kwenye Flight Simulator ukiwasha Developer Mode unaweza kuonyesha fremu kwa sekunde, na itakuandikia kinachoikwamisha mashine. Ukiona MainThread, tatizo ni prosesa, ukiona GPU ni kadi. Mtumie mteja video hiyo, kisha andika kwenye risiti hivi: "Nimeuza mashine hii kwa X-Plane 12 kwenye monita moja ya Full HD. Haijajaribiwa na VR." Mstari huo ni mfupi lakini mkija kubishana ndio utakaoamua.

Kadi kubwa ichomoe, ifunge peke yake, maana mtikisiko wa basi unavunja soketi yake. Na hedseti ya VR usiipige picha juani lenzi zikitazama juu, hata dakika moja. Lenzi zinakusanya jua kama kioo cha kuwashia moto na kioo cha ndani kinaungua doa lisilotoka. Ipigie kivulini, na ukiifunga weka kitambaa juu ya lenzi.