Sinema za Bara Hindi na Watu Wasioguswa

Msomaji, wengi wetu tukienda kutazama sinema za Kihindi twatafuta nyimbo na ngoma. Lakini huko Bara Hindi wametokea watengenezaji wa sinema waliothubutu kuonyesha kidonda cha nchi yao, yaani desturi ya matabaka. Mtu huzaliwa katika tabaka la wazazi wake. Aliye chini kabisa alihesabiwa kuwa najisi, asiguswe, wala asichote maji katika kisima cha wengine. Sheria kuu ya nchi ilikataza jambo hilo mwaka 1950, lakini vijijini dharau haikukoma.

Mwaka 1959 Bimal Roy alitoa sinema iitwayo Sujata. Yatima wa tabaka la chini analelewa na Mabramini, watu wa tabaka la juu. Ni watu wema, hawampigi wala hawamnyimi chakula. Ila mama mlezi akimjulisha kwa wageni husema kwamba huyu ni kama binti yao. Neno hilo “kama” lamchoma msichana kuliko tusi. Baadaye mama anaumia, anahitaji damu, na damu ya Sujata ndiyo inayopatana na yake. Hapo ndipo anampokea kuwa binti kweli. Sinema hii ni nzuri, lakini yafaa tuulize: kama damu yake isingalifaa, je, angalibaki “kama” binti mpaka kufa?

Satyajit Ray hakutupa faraja ya namna hiyo. Katika Sadgati, ya mwaka 1981, maskini Dukhi anakwenda kwa Bramini ili amchagulie siku ya heri kwa posa ya binti yake. Kwanza anaamriwa kufanya kazi, kisha apasue gogo gumu, na tumboni hana kitu. Anakufa pale pale. Bramini, asitake kuigusa maiti, anaifunga kamba mguuni na kuiburuta.

Nagraj Manjule yeye alizaliwa ndani ya dharau hiyo. Katika Fandry, ya mwaka 2013, kijana Jabya anasoma shule na kumpenda msichana wa tabaka la juu. Jamaa yake wanaitwa kukamata nguruwe wanaozurura kijijini, na wanafunzi wenzake wanatazama wakicheka. Wakimbeba nguruwe, wanapita mbele ya ukuta wenye picha ya Ambedkar, mtu wa tabaka la wasioguswa aliyesimamia uandishi wa ile sheria ya 1950. Mwishowe Jabya anaokota jiwe na kumtupia mmoja wa wenye kumdhihaki, nalo jiwe laja moja kwa moja kwetu sisi tunaotazama.