Mafindofindo Yanaweza Kufika Moyoni



Watoto wawili wa nyumba moja wanalala mkeka mmoja. Wote wawili wanaumwa koo. Baada ya siku chache wote wanapona. Wiki ya tatu mmoja anapata homa. Goti lake linavimba na kuuma. Goti likipoa, kiwiko nacho kinaanza. Mwenzake yuko uwanjani anacheza mpira. Kwa nini augue mmoja tu?

Hapo maneno huanza, iwe ni Nachingwea au Ruangwa. Huyu anasema mtoto karogwa. Yule anasema ugonjwa umetoka kwenye ukoo wa mama. Wote wawili wanakosea.

Ugonjwa huu unaitwa homa ya baridi yabisi. Huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Chanzo chake ni kijidudu kinachoitwa streptokoka, ambacho huleta mafindofindo. Mwili una askari wake wa kinga. Askari hao hukitambua kijidudu kwa umbo lake, kisha hukishambulia. Lakini umbo la kijidudu hiki linafanana kidogo na nyama ya moyo wetu. Kwa watu wengi askari hawakosei. Kwa wachache hukosea. Wakimaliza kumpiga adui, wanaugeukia moyo.

Maumivu ya magoti huisha. Moyo ni jambo jingine. Ndani yake mna milango midogo inayofunguka na kufunga, ili damu iende mbele isirudi nyuma. Milango hiyo hupata makovu. Mingine hukaza, mingine haifungi vizuri. Miaka mingi baadaye mtu huyo akibeba ndoo ya maji anahema. Miguu inavimba. Wanawake wengine hugundua ugonjwa huo wakiwa wajawazito, wakati moyo unapofanya kazi kubwa zaidi.

Sasa turudi kwa watoto wetu wawili. Kila mtu hupokea kwa baba na kwa mama maagizo ya kuunda askari wake, kama anavyopokea sura. Maagizo hayo huitwa jeni. Nusu hutoka kwa baba, nusu kwa mama. Kwa hiyo kuusema ukoo wa mama peke yake ni uonevu tu. Na ndugu wa tumbo moja hawapokei sawasawa.

Wataalamu waliwachunguza mapacha, na matokeo yakatolewa mwaka 2011. Pacha mmoja akiugua homa hii, pacha wake anayefanana naye kabisa huugua mara 44 katika 100. Kwa mapacha wasiofanana ni mara 12 tu. Basi urithi una nguvu. Lakini angalia tena hesabu hiyo. Hata kwa mapacha wa kufanana, zaidi ya nusu hawakuugua wote wawili. Bila kijidudu, urithi peke yake hauleti homa hii.

Jeni huwezi kuzibadili, lakini kijidudu unaweza kukiua. Penisilini bado inakiua vizuri. Mtoto akiumwa koo ghafla, ana homa, tezi za shingo zimevimba, wala hana kikohozi wala mafua, mpeleke zahanati. Usingoje wiki ya pili. Kumkata kilimi hakusaidii, kunamtia kidonda tu. Kama nyumbani kuna mtoto aliyewahi kupata homa hii, koo za ndugu zake zisidharauliwe hata kidogo.

Aliyekwisha kuugua hupewa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi. Hapo wazazi wengi huchoka. Wanaona mtoto anakimbia, wanasema amepona. Kumbe kila mafindofindo mapya huwaamsha wale askari, na makovu huongezeka. Milango ikiharibika sana hubaki upasuaji. Upasuaji huo hufanywa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanza kazi mwaka 2015. Kutoka huku kwetu ni safari ndefu.

Tarehe ya sindano ikiangukia siku za kuokota korosho, mtoto aende zahanati kwanza. Na mkihamia shamba la mbali, mchukue kadi yake.