Gari la Mfalme Lisilo na Magurudumu

MSAFIRI atokaye Mansa kwenda Nchelenge huifuata barabara ipitayo kandokando ya bonde la mto Luapula. Mkono wake wa kushoto ni mabwawa na matete, na ng'ambo ya pili ni nchi ya Kongo. Vijiji vimeshikana hata ni shida kujua kimoja kimekoma wapi na kingine kimeanzia wapi. Kabla hajaliona ziwa Mweru, msafiri huyo hupita Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa mashariki.

Mwandishi wa makala haya alipita huko safarini kwenda Nchelenge, naye alikuwa na swali moja moyoni. Siku chache kabla ya safari alikuwa ameonyeshwa picha za jumba la makumbusho la magari ya farasi ya wafalme wa Ureno, lililoko mjini Lisbon. Swali lenyewe lilikuwa hili: ikiwa wafalme wa Ulaya walipanda magari yale ya dhahabu, wafalme wa huku kwetu walipanda nini, na chombo chao kiko wapi leo?

Fahari ya magurudumu

Jumba lile la Lisbon lilifunguliwa mwaka 1905 na Malkia Amélia, katika ukumbi uliokuwa wa kufundishia farasi wa kifalme. Yamewekwa humo magari ya karne nyingi, yaliyochongwa nakshi na kupakwa dhahabu. London nako liko gari la dhahabu lililotengenezwa mwaka 1762. Uzito wake ni kama tani nne, huvutwa na farasi wanane, na mwendo wake haupiti mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu. Mfalme Charles III alilipanda alipotawazwa mwezi Mei 2023. Mjini Cairo, katika mtaa wa Bulaq, liko jumba la magari ya watawala wa Misri, ambalo lilifunguliwa upya mwaka 2020.

Afrika Mashariki nayo haikukosa kabisa. Haile Selassie alipotawazwa mjini Addis Ababa mwaka 1930, alipanda gari la farasi lililokuwa mali ya Kaisari Wilhelm II wa Ujerumani. Tuliweke jina la Kaisari huyo akilini, maana tutakutana naye tena karibu na ziwa Mweru.

Ethiopia ni nchi ya milima na baridi, na farasi hustawi huko. Bonde la Luapula ni habari nyingine. Hapa alitawala mdudu mdogo aitwaye mbung'o. Kwa mnyama huleta nagana, na kwa binadamu huleta malale. Farasi aumwapo na mbung'o mwenye vijidudu hivyo hukonda, huishiwa nguvu, kisha hufa. Dakta Livingstone alipoanza safari yake ya mwisho kutoka pwani ya kusini mwa Tanzania ya leo, mwaka 1866, alichukua ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu na punda. Mbung'o na matunzo mabaya viliwamaliza karibu wote, na mwenyewe akaendelea kwa miguu. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale iliwasumbua watu wa Luapula na Mweru hata serikali ya kikoloni ikawahamisha wanavijiji kutoka kando ya maji.

Basi ni dhahiri kwamba mfalme wa nchi hii asingaliweza kuwa na gari la farasi, hata angalikuwa na dhahabu ya kulipaka.

Muselo

Hata hivyo Mwata hakutembea kwa miguu katika siku za enzi. Alibebwa, na mpaka leo hubebwa, katika machela ya kifalme iitwayo muselo. Huo ni kiti cha enzi kilichofungwa juu ya miti mirefu, na chini ya miti hiyo huingia mabega ya wanaume. Muselo haukufungiwa nyuma ya kioo na kuandikiwa kibao. Huonekana ukiwa kazini katika sherehe ya Mutomboko, ngoma ya ushindi, ambayo tangu mwaka 1971 ndiyo sherehe kuu ya mwaka ya Walunda hawa, nayo hufanywa mwishoni mwa mwezi Julai.

Kwanza Mwata hutoa sadaka katika kijito cha Ng'ona kuwakumbuka wazee waliotangulia. Kisha hubebwa mbele ya umati, ngoma zikirindima. Mwisho hushuka uwanjani na kucheza, upanga mkononi, amevaa vazi pana la kukunjwa liitwalo mukonso na taji la shanga. Huuelekeza upanga pande zote za dunia, kisha mbinguni na ardhini. Askari aliyezoea gwaride atafahamu mara moja kwamba hiyo ni kwata ya taifa zima, yenye amri zake na zamu zake.

Ufalme wenyewe ni wa kijeshi tangu asili. Wazee wake walitoka kwa Mwata Yamvo, katika nchi ya Kongo ya leo, wakaja mashariki kwa vita mpaka wakalishika bonde hili katika karne ya 18. Mwaka 1798 Serikali ya Ureno ilimtuma Dakta Lacerda kwa Kazembe kutafuta njia ya kuvuka bara. Lacerda, mtumishi wa wafalme walewale wa magari ya dhahabu, alikufa kwa maradhi mwezi Oktoba mwaka huohuo akiwa amekwisha kuufikia mji wa Mwata. Mwaka 1831 alifika Kapteni Gamitto, askari wa Ureno, naye akaandika kwa urefu habari za baraza la Kazembe, mavazi yake na vyeo vya wakuu wake, akikiri fahari aliyoikuta.

Lakini haifai kuyasimulia haya kana kwamba yote yalikuwa asali. Livingstone alipofika kwa Kazembe wa siku zake, mwezi Novemba 1867, alikuta watu waliokatwa masikio na mikono kwa hukumu ya mfalme. Aliandika kwamba raia wengi walikuwa wamekwisha kuhama kwa sababu ya ukali huo, na kwamba mfalme akipiga mbiu ya vita asingepata askari wengi. Hapo ndipo tofauti ya muselo na gari la farasi inapoonekana. Farasi hafungi mizigo yake usiku akahamia kwa mtawala mwingine. Mabega ya watu huweza kufanya hivyo, na yalifanya.

Aliyeandika hayo naye alikuja kuonja. Mwezi Aprili 1873, kusini mwa ziwa Bangweulu, Livingstone alikuwa hawezi tena hata kukaa juu ya punda. Wenzake walimtengenezea kitanda cha miti wakambeba mabegani, wakipita majini na matopeni, mpaka kijiji cha Chitambo, alikofia tarehe 1 Mei. Kisha Susi, Chuma na wenzao wakaubeba mwili wake safari ya miezi tisa hadi Bagamoyo, walikowasili mwezi Februari 1874. Marehemu hakuwa na uwezo wa kumlipa wala kumwadhibu mtu. Walimbeba kwa sababu alipokuwa hai walimkubali.

Machela yetu

Neno machela ni la kawaida kambini. Kwetu sisi si chombo cha mfalme, bali ni cha majeruhi. Naomba radhi nilisimulie jambo moja ambalo sikulisimulia kwa fahari hata siku moja.

Nilipokuwa kadeti tulipewa zoezi la usiku, mimi nikiwa kiongozi wa kikundi. Mwenzetu mmoja aliteguka kifundo cha mguu. Tukakata miti miwili, tukaitia katika mikono ya makoti, tukapata machela. Kikundi chetu kilikuwa mbele ya vingine vyote, nami nikatamani tufike wa kwanza. Aliyeshika nyuma kushoto aliomba zamu mara mbili. Mara mbili nilimwambia avumilie. Mara ya tatu hakuomba, mkono ulimwishia nguvu mteremkoni, na mgonjwa akaanguka akavunjika mfupa wa mtulinga.

Asubuhi sajini mkufunzi aliniita pembeni. Hakupaza sauti.

"Ulikuwa umebeba nini jana usiku, kadeti?"

"Mgonjwa, afande."

"Mgonjwa walimbeba wenzako. Wewe ulibeba saa yako ya mkononi, ukawa unaitazama njia nzima."

Mwenzangu yule alipona, lakini alichelewa kumaliza mafunzo kwa sababu yangu. Tangu siku hiyo nimejua kwamba amri ya kubadilisha zamu ni sehemu ya kubeba, kama lilivyo bega lenyewe.

Miguu na mikono ya jeshi

Sasa turudi kwa Kaisari mwenye gari. Vita yake ya mwaka 1914 hadi 1918 ilifika mpaka nchi hii. Kwa kuwa mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo na barabara zilikuwa chache, pande zote mbili zilipigana kwa mabega ya wapagazi. Makumi ya maelfu ya wanaume wa Zambia ya leo, iliyoitwa wakati ule Rhodesia ya Kaskazini, walichukuliwa kubeba unga na risasi. Shehena nyingine zilipitishwa kwa mitumbwi katika Luapula, ziwa Bangweulu na mto Chambeshi. Wapagazi wengi walikufa kwa njaa, homa na uchovu, bila kufyatua risasi hata moja. Kaisari alijiuzulu tarehe 9 Novemba 1918. Kamanda wake, von Lettow-Vorbeck, alipata habari za mwisho wa vita tarehe 14 Novemba penye mto Chambeshi, akasalimisha silaha mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba.

Gari la Kaisari lilipata mnunuzi na heshima mpya. Na wapagazi? Huko Dar es Salaam na Nairobi jina lao limebaki katika mitaa: Kariakoo ni matamshi yetu ya Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, inawataja kuwa ni miguu na mikono ya jeshi. Hata hivyo mchongaji alimchonga askari mwenye bunduki, na mpagazi akabaki katika maandishi tu. Ni wangapi kati yetu tumepita hapo bila kusoma?

Kando ya ziwa

Jioni ilinikuta Kashikishi, sokoni penye mwalo wa samaki, jirani na Nchelenge. Ziwa lilikuwa limetulia, na Kisahili cha Kongo kikisikika sawa na Kibemba. Nilimwamkia mzee mmoja aliyekuwa akitazama vijana wakipandisha mtumbwi mzito mchangani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza nilikotoka na swali nililokuwa nalo. Akacheka kidogo, akanionyesha wale vijana kwa fimbo yake.

"Watazame. Hakuna anayeangalia mtumbwi. Kila mmoja anaangalia mgongo wa mwenzake. Ukiangalia mzigo, utajikwaa."

Kisha akanikumbusha kwamba ufuko ule ulishuhudia ubebaji mwingine si zamani. Mwaka 2017 maelfu ya wakimbizi waliingia wilaya ya Nchelenge kutoka Kongo, mpaka makazi ya Mantapala yakafunguliwa mwaka 2018 kwa ajili yao. Alisema aliona vijana waliowabeba wazazi wao migongoni, wakafika mbele ya askari wa mpakani wakiwa hawana pumzi ya kujibu hata jina. "Askari aliyepokea mzee mgongoni mwa kijana kabla ya kuuliza karatasi," alisema, "huyo hatujamsahau."

Ndugu zangu wapiganaji na polisi, magari ya Lisbon na London ni mazuri, na atakayejaliwa kuyaona asikose. Lakini mtazamaji wa gari la dhahabu huona nakshi na abiria. Atazamaye muselo huona miguu iliyo chini yake, huihesabu, na huona jasho. Nchi zetu zinakwenda kwa namna hiyo ya pili. Mwenye cheo yuko juu ya mabega ya koplo anayekesha lindoni, ya dereva, ya mpishi, na ya mwananchi alipaye kodi. Kila mmoja wao huja wakati akaomba zamu.

Mwenzangu wa kadeti aliniandikia barua miaka mingi baadaye, alipopewa kikosi chake cha kwanza. Hakunikumbusha mtulinga. Aliniuliza tu kama bado navaa ile saa. Nilimjibu kwamba ninaivaa, ila zoezi la machela likianza huivua nikaitia mfukoni.