Michoro ya Excel isipotelee njiani

Wandugu wanamemba, msimu uliopita tulipeleka hesabu za mpunga wa Sange kwenye bilo moja ya Uvira. Kompyuta ya pale ilikuwa ya zamani. Namba zilifunguka, lakini michoro ya bei hapana. Tukashindwa kuonyesha kwa nini tunaomba mkopo: tungojee, tusiuze mavuno kwa bei ya chini.

Sababu ni hii. Tangu 2007 Excel inahifadhi kwa .xlsx, zile za zamani zinatumia.xls. Ile mistari midogo ndani ya visanduku, iliyokuja na Excel 2010, .xls haiijui, inaipoteza. Nguzo za kawaida zinapita.

Tufanye hivi:

1. Tengeneza kopi. Fishie ya kwanza ya .xlsx ichunge, usiiguse.
2. Ndani ya kopi, nakili kila mchoro, uubandike kama picha.
3. Bonyeza "Enregistrer sous", chagua .xls. Onyo likitokea, lisome: linataja kitakachopotea.
4. Funga, fungua tena, angalia.

Picha haifuati namba zikibadilika; rudi kwenye .xlsx. Na beba karatasi iliyochapwa: yenyewe haiulizi Excel ya mwaka gani.